Fundo la Mgeni

Sogea. Sogea tena, mlango huu una masikio. Weka mkono kifuani useme: "Sitamwambia mtu. Si mume wangu, si dada yangu, si mto ninaolalia." Umesema? Hebu rudia, maana sauti yako imekaa kama ya mtu anayechagua wa kumwambia kwanza. Haya. Hata mimi niliapishwa hivyohivyo, mkono kifuani, mbele ya watu kumi na saba, na niliapa kwa moyo safi kabisa. Moyo ukakaa safi mpaka kesho yake mchana. Sasa sikiliza.

Kulikuwa na nyumba ya washona magodoro. Magodoro ya sufi, yale ya kitambaa cha mistari, si haya ya sponji yanayokuamsha na kiuno cha mtu mwingine. Mwenye nyumba alikuwa Bibi, mjane, macho yamefifia lakini ulimi na vidole vizima. Alifanya kazi na binti yake na mke wa mwanawe. Huyo mke wa mwana ndiye tutakayemfuata. Watu walimwita Mkwe, hata muuza mboga alimwita Mkwe, kana kwamba mama yake alimzaa akiwa tayari ameolewa. Yeye alishona kingo, kazi inayokula vidole kuliko zote. Mumewe alikuwa dereva wa masafa, akionekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka sita, ambaye kicheko chake kilivuka kuta tatu na kumwamsha mtu aliyelala mchana. Kwa ukali wa kicheko hicho tukamwita Pilipili.

Binti wa Bibi, yaani wifi yake Mkwe, alikuwa mjane pia, mjane kijana. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akichambua sufi. Walipendana wale hadi majirani tukaona haya kwa niaba yao. Alikufa ghafla asubuhi moja, mkewe ametoka kupeleka godoro kwa mteja. Aliporudi alimkuta ameshafunikwa shuka. Ilikuwa imepita miezi minane, na Wifi alikuwa ameanza tena kututania na kutuvunja mbavu. Tukasema, afadhali, amepoa.

Nyumba ile ilikuwa na jambo lake. Jioni, kazi ikikoma, majirani waliingia wakakaa juu ya magodoro ambayo hayajafungwa mdomo, na Bibi akasimulia. Kusoma hakujua. Hadithi zake alizifunga kwenye uzi mnene wa magodoro, kila hadithi na uzi wake. Fundo dogo la kuanzia, mafundo ya katikati kwa kila kisa, na mwisho kabisa fundo kubwa la kufungia. Kidole gumba kilipita fundo kwa fundo na mdomo ukafuata. Nyuzi zenyewe zilining'inia stoo, kwenye misumari, nyingi kama nywele za mtu aliyegeukia ukutani.

Jioni hiyo jua lilikuwa linazama. Watu wameshakaa.

"Mwanangu," Bibi akamwambia Mkwe, "kaniletee uzi wa Mgeni. Msumari wa tatu kutoka mlangoni."

Mkwe akaenda. Stoo haikuwa na dirisha. Alipapasa ukuta, akihesabu misumari. Mmoja... wa pili...

*Kwachu... kwachu...*

Akasimama.

Kitu kilikuwa kinatafuna. Si haraka kama panya. Polepole, kama mtu anayepewa kitu kitamu akiogopa kisiishe. Na palikuwa na harufu, harufu ya uzi uliolowa mate.

"Nani?"

Kutafuna kukakoma.

Akaunyakua uzi akatoka mbio, akajicheka mwenyewe ukumbini. Lakini aliposhika ncha ya uzi ule aliacha kucheka. Ilikuwa mbichi. Tena ilikuwa ya moto, kama iliyotoka kinywani muda huohuo.

Bibi akaupokea, akaanza.

Hadithi ya Mgeni tuliijua wote. Jioni mgeni anabisha nyumba ya watu, amevaa sura ya mtu waliyempenda. Anaomba mahali pa kukaa tu, chakula hataki. Jioni ya kwanza anachukua kikohozi cha mzee, na watu wanafurahi. Jioni ya pili anachukua kicheko cha mtoto. Jioni ya tatu anamwomba mtoto mwenyewe amwonyeshe njia. Hapo mwenye nyumba anasimama, anamtazama mgeni machoni, na...

Kidole gumba cha Bibi kikateleza hewani.

"Na..." akasema Bibi.

Tukangoja.

"Na..." Akarudi fundo moja nyuma, akaja tena mbele. "Hapa palikuwa na kitu. Nani anakumbuka?"

Hadithi ile nilikuwa nimeisikia mara mia, na zaidi. Nikafungua mdomo nimsaidie. Hamna. Nikamtazama jirani, naye amefungua mdomo, hamna. Ilikuwa kama jino lililong'oka, ulimi unakwenda mahali pake unakuta tundu. Watu kumi na saba, na hakuna mmoja aliyejua mgeni yule alitokaje.

"Uzee," akasema Wifi, aliyeingia wa mwisho, ameshika shavu. Siku hiyo jino lilikuwa linamsumbua, alisema, hata maneno alikuwa anayatoa kwa kupima. "Tukalale, Mama. Kesho itarudi."

Haikurudi.

Kesho yake jioni mlinzi wa duka la jirani, mzee aliyekohoa miaka kumi bila likizo, aliingia anatembea kama bwana harusi.

"Nimepona!" akasema. "Sikilizeni." Akavuta pumzi hadi kifua kikajaa. Hakuna kilichokoroma. "Dawa zote zile, kumbe kilikuwa kinasubiri nikisahau."

Tukampongeza. Mmoja akamwambia sasa wezi wa duka watapata taabu, maana zamani walikuwa wanajua alipo. Tulicheka sana. Mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa stoo.

Ndani ya stoo, gizani, kitu kilikohoa.

Kikohozi kilekile. Kirefu, chenye maji chini yake, chenye kile kimluzi cha mwisho tulichokijua miaka kumi. Mlinzi akashika koo lake mwenyewe.

"Mimi niko hapa," akanong'ona. "Sasa yule nani?"

Siku hiyo hakuna aliyengoja chai.

Mkwe hakulala kwa amani, na nani angelala? Asubuhi alimwambia mama mkwe wake: "Mama, leo ni jioni ya pili."

"Najua."

"Tumfiche mtoto?"

"Wapi, mwanangu? Hadithi haina nje." Bibi alikuwa anausugua ule uzi hadi kidole kimepata lengelenge. "Sikiliza. Fundo halikuliwa na panya. Fundo likiungua, au likizikwa, au likitupwa majini, hadithi hunirudia kichwani. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha. Haijanirudia. Maana yake mtu analo, na analo mahali penye uhai. Kinywani."

"Kinywani mwa nani?"

Bibi akageuzia uso ukutani. Mama ni mama. Huenda alishakisia.

Mkwe alimfunga Pilipili kanga yake kiunoni siku nzima, ncha moja kwa mtoto na ncha nyingine kwake, akashona hivyo. Alasiri mtoto akachoka, akataka kuchezewa. Mkwe akamtekenya kwapani.

Mtoto akajirusha nyuma. Mdomo wazi, macho yamefumbwa, tumbo linaruka.

Bila sauti.

Akamtekenya tena. Meno yote nje, machozi ya raha yanamtoka mtoto, na chumbani husikii hata pumzi. Pilipili mwenyewe akashtuka. Akajigusa midomo.

"Mama," akasema kwa sauti yake ya kawaida, "kimetoka."

Jioni watu walikuja wote. Hofu iliwaleta, na mimi, sikufichi, umbea pia ulinisukuma. Magodoro yalipangwa kandokando ya ukuta kama kawaida. Mkwe alipokuwa anawasha taa aliona godoro la pembeni limebonyea. Halikuwa na mtu. Lilibonyea tu, duara mbili na mgongo ukutani, kama mtu mzima aliyekaa akastarehe. Akaligusa. Baridi ilimpanda hadi begani, na kiganja kikarudi kimelowa. Pembeni ya pale palipobonyea walikaa wanawake watano wamebanana: Wifi na shavu lake, muuguzi, muuza ndoo, mama wa mapacha, na mimi.

"Tuutafute mwisho," akasema Mkwe. "Kila mtu aseme kwao mgeni kama huyu anatokaje. Wote hatukuzaliwa mtaa huu. Labda mmoja wenu anao."

Muuguzi, ambaye kwao ni mbali, kwenye baridi, alisema kwao mgeni huhesabishwa. Humwagiwa mbegu mlangoni, naye hawezi kuzipita bila kuzihesabu, mpaka jua linamkuta. Mkwe akamwaga mbegu za sufi mlangoni. Tukangoja. Ndani ya stoo kikohozi kikasikika mara mbili, kama mtu anayesafisha koo aendelee kusikiliza.

Muuza ndoo alisema kwao huulizwa jina lake mara tatu, akilitaja hupasuka. Tukauliza. Hakutaja.

Mama wa mapacha akasema, "Kwa bibi yangu, mwenye nyumba humpiga mgeni kwa mchi akafa."

"Siyo," akanong'ona mtu.

Mkwe akageuka. Neno lilikuwa dogo, limetoka kama chafya inayozuiwa. Lilitoka upande wa wanawake watano.

"Nani kasema siyo?"

Kila mmoja alimtazama mwenzake. Wallahi si mimi, nilisema kabla sijaulizwa.

Kichwani mwa Mkwe taa ilikuwa imewaka. Watu wote wamesahau mwisho, watu kumi na saba. Basi huyu anajuaje kuwa siyo?

Sasa nikwambie kitu kuhusu watu wa nyumba ya hadithi. Wataiba, wataficha, watakula kiapo cha uongo wakikutazama machoni. Lakini usimulie hadithi vibaya mbele yao, ukosee kisa kimoja, ukiite kisima mto, hawawezi kuvumilia. Inawawasha. Nimeona mtu aliyenuniana na ndugu yake miaka minne akimrukia kumrekebisha rangi ya ng'ombe. Mkwe aliolewa humo, alilijua hilo. Usiku ule aliweka mgongo mlangoni, mtoto mapajani, akasubiri kuche.

Jioni ya tatu hakungoja jua lizame. Taa aliwasha mapema, mbili, akaziweka sakafuni mbele ya wale watano zituangaze usoni. Palipobonyea palikuwa pamebonyea zaidi. Pilipili alikuwa ameketi miguuni pa mama yake, amevaa viatu.

"Nani kakuvisha viatu?" Mkwe akamuuliza.

"Mjomba ameniambia nivae. Tunatoka."

Alisema hivyo tu, kama anazungumzia kwenda dukani.

Mjomba ndilo jina alilomwitia marehemu mume wa shangazi yake.

Mkwe alipiga moyo konde, akauchukua uzi mkononi mwa Bibi, akakaa mahali pa msimuliaji.

"Leo nasimulia mimi," akasema. "Kulikuwa na mgeni. Alikuja asubuhi."

Watu wakajikunakuna. Asubuhi! Hata Bibi aliinua uso.

"Akaomba chakula. Wakampa, akala sahani mbili."

"He!" muuguzi akasema. Alikuwa ameanza kuzoea nyumba.

Mkwe alikuwa anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Mtoto alisimama. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni, mkono mmoja ameuinua pembeni, juu kidogo, vidole vimekunjwa... kama mkono ulioshikwa na mtu mrefu. Mkwe aliona. Kiti kilimuunguza chini yake. Hakunyanyuka. Mpaka leo husema hilo ndilo lililomzeesha.

"Mgeni alikuwa mtu asiyependwa," akasema, sauti inapasuka. "Hakuna aliyemkumbuka pale nyumbani. Hakuna aliyemlilia. Mwenye nyumba akamtupia maji machafu..."

"Siyo," ikasikika. Chini sana.

"...mgeni akaanguka kizingitini. Akafa kama mbwa, na hakuna aliyesikitika."

"Hakufa!"

Wifi alikuwa amesimama.

"Hakufa, muongo wee! Mwenye nyumba aliuliza, nani aliyemkaribisha? Na aliyemkaribisha ndiye..."

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Amechelewa. Taa zilikuwa sakafuni, zinamwangaza kutoka chini, na kila mtu aliona. Kati ya vidole vyake, kwenye pembe ya mdomo, ulining'inia uzi. Uzi mnene wa magodoro, umelowa, unapiga matone.

Tuliokaa naye tukasogea kando.

Kisha, kutoka pale palipobonyea, karibu na nyonga yake, kikasikika kicheko. Kicheko cha mtoto wa miaka sita, kikali, cha kuvuka kuta tatu. Kilitoka mahali pasipo na mtu.

"Msimkasirishe," Wifi akanong'ona, mikono bado mdomoni. "Anafurahi. Hamsikii anavyofurahi?"

"Wifi," Mkwe akasema. "Mwanangu yuko mlangoni."

"Atamrudisha."

"Wifi."

"Sikumuaga!" Lilimtoka kama tapishi. "Nilikwenda kupeleka godoro. Godoro! Nikarudi ameshafunikwa. Jioni moja nikamuita tu, kwa kuzoea, njoo ukae, na akaja. Akakaa. Ninyi mngemfungulia mlango atoke mara ya pili? Mngeweza? Haya semeni, nani angeweza?"

Mimi nilimzika wangu mwaka wa njaa. Nilitazama chini.

Bibi alikuja akipapasa, magoti yanagonga magodoro, hadi akaufikia uso wa bintiye. Akaiondoa mikono yake taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kitu alichookota. Akaushika uzi kwa vidole viwili na kuvuta. Likatoka fundo kubwa, jeusi kwa mate, limetafunwa lakini zima.

Kidole gumba kikalipita mara moja.

"Aliyemkaribisha ndiye amuage," Bibi akasema, na wote vichwani mwetu tukasikia mlango ukifunguka, tukakumbuka. "Kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha akae asimtazame. Ndio mwisho. Ulikuwa mfupi hivyo. Muage, mwanangu."

Mguu wa Pilipili ulikuwa umeshavuka kizingiti.

Wifi akamtazama mtoto. Akageuka, akapatazama pale palipobonyea, akapaangalia kwa jicho ambalo nisingependa kuliona tena.

"Nenda," akasema. "Nenda, baba. Kwaheri. Nilichelewa tu barabarani."

Akageuza uso.

Godoro likainuka. Sufi inavyoinuka, polepole, ikiugua. Mkono wa mtoto ukaanguka pembeni. Pilipili akatazama viatu vyake, akatutazama sisi, akaangua kilio kikubwa, na Mkwe akavuka taa zote mbili kwa hatua moja akamkumbatia hadi mtoto akalalamika mbavu. Nje, mlinzi alipasuka kikohozi akaanza kutukana dunia nzima. Sijawahi kusikia matusi matamu kama yale.

Ndipo watu wakamgeukia Wifi. Wengine walikuwa na la kusema, na lilikuwa linakuja, nililiona midomoni mwao. Lakini Bibi aliinua mkono.

"Ngojeni."

Bado alikuwa ameushika uzi. Na uzi ulikuwa bado unatoka.

Likaja fundo jingine. Halafu jingine. Wifi alisimama wima kinywa wazi, macho yamemtoka, mikono yake imening'inia ubavuni.

"Siyatoi mimi," alijaribu kusema, na uzi mdomoni. "Mama. Siyatoi."

Bibi pia hakuwa anavuta. Ulikuwa unamjia wenyewe kiganjani, ukijikunja, fundo baada ya fundo, makubwa yote, mafundo ya kufungia. Mengine ya uzi wa pamba. Mengine ya nywele. Jingine la ngozi iliyokauka, limefungwa kwa namna ambayo hakuna mshonaji mle ndani aliyepata kuiona.

"Umechukua ngapi?" Mkwe akauliza, mtoto kifuani.

Wifi akatikisa kichwa. Akainua kidole kimoja. Moja tu. Naapa moja.

Bibi alikuwa anayapapasa, moja moja. Kidole gumba kilipita. Kikasimama. Kikapita tena.

"Haya mengine," akasema polepole, "si yangu."